Maneno ya Kiingereza ya ukweli na uaminifu: mwongozo kamili kwa wasemaji wa Kiswahili wa Mtwara na Lindi

Kiswahili kimelipa neno “kweli” kazi nyingi. Mtu wa Mtwara husema “ni kweli” anapokubali habari, “kweli?” anaposhangaa, “umesema kweli” anapomuunga mkono mwenzake, “rafiki wa kweli” anapomsifu na “mpingo wa kweli” anaponunua kinyago, na wala hakuna anayemwelewa vibaya. Neno “mwaminifu” nalo humtaja mtunza ghala asiyegusa gunia la mtu, mume au mke asiyetoka nje ya ndoa, na mjumbe anayefikisha fedha zote alizokabidhiwa. Kiingereza hakikuzikusanya maana hizo mahali pamoja. Kimezigawa katika maneno mengi, na kila neno lina mipaka yake na kihusishi chake kinacholifuata. Ndiyo sababu mtu aliyesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza bado huweza kuandika barua ya kuomba kazi inayomfanya msomaji asimame na kujiuliza mwandishi alikusudia nini.

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa sekondari, waombaji kazi, waongoza watalii wa Mikindani na Kilwa, wachongaji wa vinyago, makarani wa vyama vya msingi vya ushirika, na waandishi wa habari wanaotafsiri taarifa. Sikukusudia kutaja kila neno lililomo kwenye kamusi. Nimechagua yale ambayo yakikosewa humvunjia mtu heshima, humkosesha kazi, au huifanya taarifa iseme lisilokusudiwa.

Hatua ya kwanza: uliza kwanza ukweli huo ni wa nini

Kabla ya kutafuta neno la Kiingereza, jiulize swali moja: ukweli ninaoutaja ni wa habari, wa mtu, wa namna ya kusema, wa kitu, au wa kipimo? Swali hilo likijibiwa, zaidi ya nusu ya makosa huondoka yenyewe. Chukua sentensi “karani yule ni wa kweli”. Ikiwa unamaanisha kwamba husema yaliyotokea bila kuficha, Kiingereza chake ni “truthful”. Ikiwa unamaanisha kwamba hachukui kisicho chake, ni “honest”. Ikiwa kuna mtu mwingine aliyejifanya karani na unataka kusema kwamba huyu ndiye aliyeajiriwa, utasema “the real clerk”. Ukiandika “that clerk is true”, hutakuwa umesema lolote kati ya hayo matatu.

Hatua ya pili: ukweli wa habari

Neno “true” husemwa juu ya habari, hadithi, kauli au taarifa. Halisemwi juu ya mtu kwa sababu tu ametoa habari sahihi. Kosa linalosikika zaidi huku kwetu ni “you are true”, linalotokana na “umesema kweli” au “uko sahihi”. Kwa mtu tunasema “you are right”, kwa jibu la hesabu tunasema “your answer is correct”, na kwa habari tunasema “that is true”. Mambo haya matatu yafaa kukaririwa pamoja, kwa kuwa yanahitajika kila siku darasani. Linapokaa mbele ya nomino, “true” huweza kuwa na maana ya halisi au ya dhati, kama katika “a true friend” na “a true story”, na hapo Kiswahili na Kiingereza vinakwenda sawa. Unapotaka kuonyesha mshangao kwa kusema “kweli?”, usiseme “true?”, sema “really?”.

Nomino yake ni “truth”, na mara nyingi hutanguliwa na “the”. Kitenzi kinachoambatana nayo ni “tell” au “speak”, wala si “say”. Kwa hiyo “alisema kweli” ni “she told the truth”. Wanafunzi wengi huandika “she said the truth” kwa kuwa kitenzi “kusema” kimewazoesha hivyo, na mtahini mwangalifu hulipigia mstari. Uongo nao hufuata kanuni hiyo hiyo: “he told a lie”. Kielezi “truly” huandikwa bila herufi “e” ya “true”, jambo dogo linalopotea hata katika barua za kiofisi.

Kuna pia “fact”, yaani jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulithibitisha. Kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya Unesco mwaka 1981 ni “fact”. Kwamba hayo ndiyo magofu mazuri kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki ni “opinion”, hata kama sisi tunaoishi karibu nayo tunaliamini hilo kwa moyo wote. Mwongoza watalii anayetenganisha mambo haya mawili kwa maneno yake, akianza moja kwa “it is a fact that” na jingine kwa “in my opinion”, husikilizwa kwa heshima zaidi kuliko yule anayeyasema yote kwa uzito mmoja.

Kwa upande wa pili yako maneno matatu ambayo hayafai kuchanganywa hata kidogo. “Wrong” humaanisha kwamba kuna kosa, bila kusema lolote kuhusu nia. “False” humaanisha kwamba habari hailingani na hali halisi, na aliyeitoa huenda aliamini ni ya kweli. “Lie” humaanisha kwamba msemaji alijua ukweli akausema kinyume kwa makusudi. Karani aliyeandika kilo 68 badala ya 86 ameandika takwimu ambayo ni “wrong”. Ukimwandikia msimamizi wake kwamba “the clerk lied”, umemtuhumu kwa hila, na tuhuma hiyo itabidi uithibitishe. Kiingereza kina hata msemo kwa ajili ya hali hii: “an honest mistake”, yaani kosa lisilo na hila ndani yake. Ujue msemo huo, kwa sababu siku moja utauhitaji kumtetea mtu.

Hatua ya tatu: kudanganya, na adabu ya kulitaja jambo hilo

Kitenzi “kudanganya” hakina mwenzake mmoja katika Kiingereza. Kusema uongo ni “lie”, na hufuatwa na “to” kwa mtu na “about” kwa jambo: “he lied to me about the price”. Kumfanya mtu aamini kisichokuwepo, kwa maneno au kwa vitendo, ni “deceive”, nacho hakihitaji kihusishi: “he deceived the farmers”. Kumpeleka mtu kwenye dhana isiyo sahihi, hata kwa kutumia maneno ambayo kila moja lina ukweli, ni “mislead”. Wakati uliopita wa kitenzi hiki huandikwa “misled” na hutamkwa “mis-led”. Kupata faida kwa kuvunja kanuni ni “cheat”, na huo ndio udanganyifu unaotajwa katika matokeo ya mitihani. Kughushi saini au cheti ni “forge”. Wizi wa fedha kwa hila, ambao magazeti yetu pia huuita udanganyifu, ni “fraud”, na hilo ni neno la kisheria lisilofaa kurushwa ovyo.

Kitenzi “lie” kina ugumu wa ziada, kwa sababu kipo kingine chenye tahajia hiyo hiyo kinachomaanisha kulala au kujinyoosha. Cha uongo ni “lie, lied, lied”. Cha kulala ni “lie, lay, lain”. Cha kuweka kitu chini ni “lay, laid, laid”. Vyote viwili vya “lie” vinapoongezwa “ing” huwa “lying”, na hapo ni sentensi nzima tu inayoweza kukuongoza.

Sasa niseme jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Kwetu mtu husimuliwa habari ya kushangaza akajibu “acha uongo wako!” huku akicheka, na msimulizi hufurahi kwa kuwa amefanikiwa kushangaza. Mtu anayelihamisha hilo neno kwa neno akamwambia mgeni “you are lying”, au akamwita “a liar”, amemtukana. Katika Kiingereza hayo ni miongoni mwa maneno mazito ambayo watu wastaarabu huambiana ana kwa ana. Kwa mshangao wa kirafiki sema “really?” au “you must be joking!”. Pale ambapo kweli huiamini habari, ziko ngazi za kupanda polepole. Anza na “I think there may be a mistake”. Likikataliwa, sema “I'm afraid that is not correct”. Baada ya hapo, “that is not true”. Kumwita mtu mwongo kubaki kwa ajili ya mahali penye ushahidi, tena kwa sauti ya utulivu. Mpokea wageni katika hoteli ya Mtwara anayebishana na mgeni kuhusu bili atalinda kazi yake na heshima yake kwa kubaki kwenye ngazi ya kwanza na ya pili.

Kitenzi “kuamini” kinahitaji uangalifu kama huo. “I believe you” maana yake ni kwamba nayakubali maneno uliyosema sasa hivi. “I trust you” maana yake ni kwamba nakuamini wewe mwenyewe, hata kwa fedha zangu au siri zangu. “I believe in you” maana yake ni kwamba naamini utaweza. Kumwambia mdhamini wa mkopo “please believe in me” pale ulipotaka kusema “please trust me” ni kumwomba akutie moyo, wala si kumwomba akukabidhi fedha.

Hatua ya nne: uaminifu wa mtu

Hapa ndipo pagumu zaidi, kwa sababu “mwaminifu” ni neno ambalo kila mwombaji kazi hulitaka. Anza na “honest”. Mtu “honest” hasemi uongo, haibi na hafichi. Herufi “h” haitamkwi, kwa hiyo huandikwa “an honest man”, kama ilivyo kwa “an hour” na “an honour”. Asili yake ni Kilatini kupitia Kifaransa cha kale, na ndiyo sababu “h” ilibaki katika maandishi bila sauti. Mtu huwa “honest with” mwenzake na “honest about” jambo fulani: “be honest with the buyer about the quality of the nuts”. Kinyume chake ni “dishonest”, “unhonest” haipo.

“Trustworthy” ni mtu anayestahili kukabidhiwa dhamana. “Reliable” ni mtu au kitu ambacho hakikuangushi: anayefika kazini kwa wakati, gari linalowaka asubuhi, basi linaloondoka Mtwara kwenda Dar es Salaam saa ileile iliyotangazwa. Mtu huweza kuwa “honest” lakini asiwe “reliable”, kama fundi mwema ambaye hajawahi kumwibia mtu hata msumari lakini kila akiahidi Jumatatu huja Alhamisi. Waajiri wanaijua tofauti hiyo vizuri, na barua inayosema yote mawili kwa usahihi huonekana.

“Faithful” ni uaminifu wa agano: katika ndoa, katika dini, katika ahadi ya kudumu. Ukiandika “I am a faithful worker”, sentensi haijavunja sarufi, ila inasikika kama maneno ya kwenye mahubiri au ya kumuaga mtumishi mzee aliyekaa na familia miaka mingi. “Loyal” ni kutoiacha mkono timu, chama, rafiki au duka lako hata mambo yanapoharibika: “a loyal supporter of Namungo” ni mtu wa Ruangwa anayekwenda uwanjani hata baada ya kufungwa. “Integrity” ni nomino pekee katika kundi hili iliyo pana kuliko yote, nayo inalingana vyema na uadilifu: mtu ambaye matendo yake ya faraghani hayatofautiani na maneno yake ya hadharani. Imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kitu kizima kisichopungua. Matangazo ya kazi hupenda kudai “a person of high integrity”, na ni vyema uelewe kwamba hapo hawaulizi habari za wizi peke yake.

Tuangalie sasa aya ya barua ya kijana anayeomba kazi ya kutunza ghala la korosho. Nimeitunga kwa ajili ya somo hili, lakini kila kosa lililomo ni la kawaida:

“I am a faithful and true person. I have never cheated any money. You can believe in me.”

“Faithful” imepotea njia, kama tulivyoona. “True person” haieleweki. “Cheated any money” haikubaliki, kwa kuwa anayekuwa “cheated” ni mtu, si fedha. Fedha huwa “stolen”. Tena, kujisifu kwamba hujawahi kuiba humfanya msomaji aanze kufikiria wizi ambao hakuwa ameufikiria. “Believe in me” ni ombi la kutiwa moyo. Linganisha na hii:

“I am honest and reliable. I worked as a storekeeper for two cashew seasons, and each time I handed over the stock, the count matched the records. My former supervisor can confirm this.”

Aya ya pili ina nguvu kwa sababu ina vivumishi viwili tu, kisha inaleta jambo linaloweza kukaguliwa: hesabu ya magunia ililingana na daftari, na yupo mtu wa kuulizwa. Waandishi wengi hudhani kwamba kuongeza “very honest”, “extremely trustworthy” na “fully reliable” kunaipa barua uzito. Kwa maoni yangu kunaipunguzia, na ningemshauri mwombaji yeyote afute maneno hayo yote ya kukazia kabla ya kutuma barua yake.

Hatua ya tano: ukweli wa namna ya kusema

Mtu anaweza kuusema ukweli kwa njia tofauti, na Kiingereza kina neno kwa kila njia. “Frank” ni mtu asemaye wazi bila kuzunguka, na ni sifa. “Candid” ni karibu sawa nalo, lakini huongeza kwamba hakuficha hata yale yanayomgusa yeye mwenyewe. Limetoka kwenye neno la Kilatini la weupe, na ndugu yake ni “candidate”, kwa sababu Warumi waliogombea vyeo walivaa joho jeupe. “Blunt” ni kusema wazi bila kujali kama mwenzako ataumia. Ni neno lilelile la kisu butu, na mara nyingi ni lawama. Barua ya mzazi kwa mwalimu ikisema “thank you for being frank with us”, ni shukrani. Ikisema “you were rather blunt”, ni malalamiko ya heshima.

“Sincere” hugusa moyo: hisia zilizo ndani zinalingana na maneno yaliyo nje. Kwa hiyo huambatana na shukrani, samahani na rambirambi, kama “please accept my sincere condolences”. Halifai kwa hesabu wala kwa taarifa. Hapa pia ndipo yanapopatikana maneno ya kufungia barua. Kwa desturi ya Uingereza, ambayo shule zetu huifuata, barua iliyoanza kwa “Dear Sir or Madam” hufungwa kwa “Yours faithfully”, na iliyoanza kwa jina la mtu hufungwa kwa “Yours sincerely”. Herufi ya kwanza tu ya “Yours” ndiyo huwa kubwa.

Hatua ya sita: ukweli wa kitu

Mtaani tunasema “orijino” na “feki”, na mambo yanakwisha. Katika Kiingereza “original” ni kitu cha kwanza ambacho vingine vilinakiliwa kutoka kwake, kama hati yenyewe dhidi ya fotokopi. Kipuri kilichotengenezwa na kampuni yenyewe ni “genuine”. Sanaa, vyakula, desturi au nyaraka zinazotoka kwelikweli mahali au kwa watu zinakodaiwa kutoka ni “authentic”. Kitu cha kuigiza kwa nia ya kudanganya ni “fake”, na kikiwa ni fedha au bidhaa yenye nembo ya mtu, huitwa “counterfeit”. Nakala iliyofanywa bila kuficha kwamba ni nakala ni “replica”.

Vinyago vya Kimakonde huonyesha umuhimu wa tofauti hizi vizuri kuliko mfano wowote niujuao. Mpingo una kiini cheusi kinachozungukwa na ganda jeupe-manjano, na kiini hicho ni kizito kiasi cha kuzama majini. Wapo wauzaji wanaochonga mti mwepesi na mweupe, kisha wakaupaka dawa nyeusi ya viatu mpaka ung'ae. Kinyago cha namna hiyo ukikishika unahisi wepesi wake mara moja. Ukikisugua kwa kitambaa chenye maji, kitambaa hutoka cheusi. Ukitazama kitako chake, mahali ambapo rangi haikuingia vizuri kwenye nyufa, unaona mti mweupe. Hapo mti si “genuine”. Hata hivyo huenda mchongaji wake ni Mmakonde wa Newala aliyerithi ufundi kwa babu zake, na mtindo ni wa ujamaa wenye watu waliopandana, kwa hiyo uchongaji wenyewe ni “authentic”. Kinyume chake pia kinawezekana: mpingo halisi uliochongwa kwa mashine mahali pa mbali na kuuzwa kama kazi ya Mtwara ni “genuine blackwood”, lakini si “authentic Makonde carving”. Muuzaji mwadilifu atasema yote mawili kwa uwazi. Tena atasema “African blackwood”, kwa kuwa “ebony”, jina ambalo maduka mengi hulipenda, katika biashara ya mbao ni la miti ya ukoo mwingine.

Kwa “replica” mfano mzuri uko Lindi, ingawa kitu chenyewe kiko mbali. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, na mjusi mkubwa aliyeundwa kwa mifupa hiyo, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, amesimama katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937. Mifupa mingi ya mjusi huyo ni “genuine” na imetoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, lakini fuvu lililo juu yake ni “replica”. Mwongoza watalii akisema “the skull is fake” atakuwa amewasingizia wanasayansi hila ambayo hawakuifanya.

Hatua ya saba: ukweli wa kipimo

Mizani haiwi “honest” wala “true” katika maandishi ya kawaida ya leo, huwa “accurate”. “Accurate” maana yake ni kwamba kipimo kinalingana na uzito halisi. “Precise” maana yake ni kwamba vipimo vinarudiwa bila kutofautiana, au vinafika hadi sehemu ndogo sana. Weka gunia la kilo 80 kwenye mizani mara nne. Ikisoma 78 kila mara, hiyo ni “precise” lakini si “accurate”, na mkulima amepoteza kilo mbili kila gunia bila kuona dalili ya mashaka. Korosho zetu zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, na uzito ulioandikwa kwenye stakabadhi ndio unaobeba fedha ya mkulima, kwa hiyo karani anayejaza taarifa kwa Kiingereza anapaswa kuijua tofauti hii kwa dhati. Kama mizani imechezewa, maneno ya kuandika ni “the scale has been tampered with”. Kama imeharibika tu, ni “the scale is faulty”. Sentensi ya kwanza inamtuhumu mtu, na ya pili haimtuhumu yeyote.

Hatua ya nane: kiasi cha uhakika katika taarifa na mahakamani

Mwandishi wa habari huchagua kitenzi cha kunukulia, na kwa kitenzi hicho msomaji hujua kama mwandishi anaiunga mkono kauli hiyo au anaifikisha tu. “Said” haina upande. “Claimed” huonyesha kwamba mwandishi hajaridhika na ushahidi. “Alleged” hutumika kwa tuhuma ya kosa ambalo halijathibitishwa, na mshtakiwa hubaki “the alleged thief” mpaka hukumu itoke. “Admitted” humaanisha kwamba mtu alikubali jambo lisilompendeza, na “denied” kwamba alikana; vyote viwili hufuatwa na kitenzi chenye “ing”, kama “he denied taking the bags”. “Confirmed” ni kuthibitisha habari iliyokwisha kusemwa. Usiandike “claimed” kwa mkulima na “said” kwa ofisa katika taarifa moja ya mgogoro, kama huna sababu, kwa kuwa utakuwa umeshahukumu. “Evidence” haina wingi. Ushahidi mwingi ni “a lot of evidence”, si “many evidences”.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama za Tanzania ni Kiswahili, ingawa Kiingereza bado kinaruhusiwa pale haki inapohitaji, na majalada mengi ya zamani yako katika lugha hiyo. Hivyo inafaa kuyatambua maneno machache. “Oath” ni kiapo. “Affidavit” ni hati ya kiapo, ambayo jina lake katika Kilatini cha kisheria ni kitenzi kizima chenye maana ya kwamba ameapa. “Perjury” ni kusema uongo chini ya kiapo, kosa ambalo Kanuni ya Adhabu inalitaja katika kifungu cha 102 na ambalo adhabu yake inafikia kifungo cha miaka 7. Ukiombwa kusaini hati ya kiapo ya Kiingereza, tafuta sentensi inayosema kwamba yaliyoandikwa ni “true to the best of my knowledge and belief”, kisha usome kila aya iliyotangulia na kuielewa kabla ya kuweka saini mbele ya Kamishna wa Viapo. Usikubali kuharakishwa.

Hatua ya tisa: matamshi na mazoezi

“Truth” huishia kwa sauti ya “th” ya “thamani”, na mtu anayesema “samani” anapokusudia “thamani” aanzie mazoezi hapo. “Genuine” hutamkwa “jenyuin”, si “jenuaini”. “Sincere” hukazwa mwishoni. Wengi wetu huku kusini huchanganya “r” na “l”, na katika maneno haya mchanganyiko huo una gharama: “loyal customer” ni mteja asiyekuacha, na “royal customer” ni mteja wa nasaba ya kifalme. Yatamke maneno hayo mawili kwa kufuatana, polepole, mpaka anayekusikiliza bila kukutazama aweze kusema umetamka lipi.

Kwa mazoezi ya kuandika, chukua karatasi iliyo karibu nawe yenye habari za kweli, kama stakabadhi ya ghala, ripoti ya shule au barua ya mtendaji wa mtaa. Andika kwa Kiingereza sentensi moja kuhusu habari iliyomo, moja kuhusu mtu aliyeisaini, moja kuhusu karatasi yenyewe kama ni halisi au nakala, na moja kuhusu takwimu zake. Kisha fungua kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, usome mifano iliyo chini ya kila kivumishi ulichotumia, na uangalie hasa kihusishi kinachokifuata. Neno lolote ambalo hukupata mfano wake unaofanana na sentensi yako, lifute na uandike tena sentensi hiyo kwa neno unalolijua.